Zege Nalo Lina Marudio

Sisi wa Maganzo hatuhitaji kufundishwa kwamba taka ya huyu ni riziki ya yule. Tangu Mkanada John Williamson alipogundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, wapo watu wa huku waliochekecha mchanga ambao mgodi ulikwisha kuutupa. Ndugu zetu wa Geita nao wana neno lao: marudio, yaani mchanga wa dhahabu unaochenjuliwa tena.

Lakini zege je? Zege tunalitupa tu!

Baba alipovunja nyumba ya zamani ili ajenge mpya, mtu wa kwanza kufika alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akachomoa nondo, akaenda zake. Kifusi kilichobaki baba alitaka kikamwagwe korongoni. Mama akasema, "Baba Fulani, hela ya lori unayo?" Akakaa kivulini na nyundo, nasi watoto tukakaa naye, tukaponda zege siku nyingi mpaka likawa kokoto. Mikono ilichubuka, bwana, usiseme.

Sikujua wakati ule kwamba historia ilikuwa imekaa nasi pale kivulini. Warumi wa kale walitia vigae na matofali yaliyovunjika katika zege lao. Vita vilipokwisha mwaka 1945, miji ya Ujerumani ilikuwa vifusi vitupu. Wanawake walijipanga mistari, wakapokezana ndoo, wakakwangua matofali yajengewe tena, na kifusi kingine kikasagwa kuwa kokoto. Kule nako, kama kwetu, dhiki ndiyo iliyokuwa mwalimu, na nyundo ilikuwa mkononi mwa mama.

Leo kuna sababu nyingine. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la nyuzi 1,450 hivi. Mawe hayo yenyewe hutoa hewa ya ukaa, na moto nao huongeza yake. Katika kila sehemu 100 za hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu duniani, kama 7 au 8 ni za saruji.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kuponda zege hakurudishi saruji iliyomo. Kokoto ya marudio hunywa maji mengi kwa sababu ya saruji kuukuu iliyoganda juu yake, ndiyo maana fundi wetu aliikataa kwenye nguzo na mkanda, akaikubali kwenye jamvi. Inachookoa ni jiwe la mlimani lisilopasuliwa, lori lisilosafiri na korongo lisilojazwa. Si haba. Ila kinachookoa saruji hasa ni kuikarabati nyumba kabla ya kuivunja, na hilo kwetu hatukuliwaza kabisa.

Jamvi lile lipo mpaka leo, halijapasuka. Baba aliyetaka kulimwaga korongoni ndipo anapoweka kiti chake kila jioni.