Samaki na wadudu wanavyotumika kupima afya ya mto

MACHI 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo miongoni mwa sababu, maelezo yaliyozua mjadala mkubwa.

Tukio hilo lilionyesha umuhimu wa kuwachunguza viumbe wa mto kabla ya madhara kutokea. Sampuli ya maji hueleza hali ya siku ilipochotwa, ilhali wadudu waishio majini kwa wiki au miezi hubeba kumbukumbu ndefu zaidi.

Njia rahisi ni ya wavu wa mkono. Mtaalamu hugeuza mawe kwa miguu huku mkondo ukisukuma viumbe wavuni. Hurudia kazi hiyo kwenye majani ya ukingoni, mchanga na tope, kisha humwaga mavuno kwenye sinia jeupe na kuyatambua.

Kila kundi hupewa alama. Wanaohitaji oksijeni nyingi, kama plekoptera wa chini ya mawe, hupata alama za juu. Minyoo na viluwiluwi vya mbu, wanaostahimili maji machafu, hupata za chini. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya makundi. Wastani ukishuka, mto una matatizo.

Mfumo huo uliendelezwa Afrika Kusini. Mwaka 2015 ulichapishwa wa Tanzania, TARISS, uliotayarishwa na Kaaya na wenzake kulingana na mito ya nchini.

Kwa samaki, wataalamu wenye kibali hutumia nyavu au umeme hafifu unaowalewesha kwa muda. Samaki hupimwa urefu na uzito, kisha hurudishwa majini.

Kukadiria idadi, huwekewa alama. Wakiwekewa alama 50, na baadaye wakavuliwa 40 ambao 10 kati yao wana alama, makadirio ni samaki 200. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo samaki hawakuingia wala kutoka katika eneo hilo.

Katika nyanda kame kama za Piyaya, wilayani Ngorongoro, tahadhari inahitajika zaidi, kwani mikondo mingi hutiririka msimu wa mvua tu. Mto ulioanza kutiririka juzi huwa na wadudu wachache hata kama hauna uchafu. Hivyo vipimo vyake havilinganishwi na vya mto wa kudumu, bali na vyake vya msimu kama huo katika miaka iliyopita.

Kwa wafugaji wanaotumia maji hayo pamoja na mifugo yao, kumbukumbu hizo ndizo zitakazotofautisha ukame wa kawaida na uchafuzi. Pasipo kumbukumbu, samaki wakifa, hubaki ubishi.