Daftari la Windows Ndani ya Mac: Madaraja Yaliyojengwa na Kubomoka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wacheza poka wa mtandaoni walilielewa hilo mapema. Sisemi mkacheze kamari! Lakini historia ya daftari lao, hasa kwa waliokuwa na kompyuta za Mac, ina funzo kwa kila mtu anayeweka kumbukumbu kwenye kompyuta.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Marekani, aitwaye Chris Moneymaker, alipata nafasi ya kuingia mashindano makuu ya poka huko Las Vegas kupitia intaneti, akashinda dola milioni 2.5. Baada ya hapo watu walimiminika kucheza mtandaoni, na programu za kuweka rekodi zikapata soko kubwa: PokerTracker, na baadaye Hold'em Manager.

Zinafanyaje kazi? Programu nyingi za kuchezea huweza kuandika kila raundi kwenye faili ya maandishi ya kawaida: nani alikuwa mezani, nani aliweka kiasi gani, nani alijitoa. Daftari husoma faili hizo, huzipanga kwenye hifadhidata, kisha hubandika takwimu juu ya dirisha la mchezo, kando ya jina la kila mchezaji. Tuseme huyu hutia pesa mara 60 katika raundi 100, na yule mara 15 tu. Wa kwanza anacheza ovyo. Wa pili akipandisha dau, kaa chonjo!

Taabu ni kwamba madaftari haya yaliandikwa kwa ajili ya Windows. Mac za wakati ule zilitumia prosesa ya PowerPC, isiyoelewa amri za prosesa ya Intel. Dawa ilikuwa programu kama Virtual PC, ambayo Microsoft iliinunua kutoka kampuni ya Connectix mwaka 2003. Iliigiza kompyuta nzima, ikitafsiri amri zote za Intel. Ilifanya kazi, lakini kwa mwendo wa kobe.

Juni 2005 Steve Jobs akatangaza kwamba Apple inahamia Intel, na Januari 2006 Mac za kwanza za aina hiyo zikatoka. Haikuchukua muda madaraja yakajengwa. Aprili 2006 ilikuja Boot Camp, ya kuwasha Mac kama kompyuta kamili ya Windows. Mwaka huo huo ikaja Parallels Desktop, na 2007 VMware Fusion, zilizoendesha Windows ndani ya dirisha la Mac. Tena kulikuwa na Wine, mradi ulioanza 1993, ambao hauhitaji Windows yenyewe. Unajibu maombi ya programu kana kwamba ndio Windows.

Hapa ndipo mimi, kama mwandishi wa programu, napata utamu wa hadithi. Kuwaka kwa daftari hakutoshi. Ni lazima lilione dirisha la mchezo ili libandike takwimu juu yake. Ukicheza upande wa Mac huku daftari liko ndani ya Windows, ni majirani waliotenganishwa na ukuta. Faili utazipitisha kwa folda ya pamoja na kuzisoma baadaye, lakini mezani, pesa zikiwa hatarini, huoni kitu. Suluhisho lilikuwa kuhamisha mchezo na daftari vyote upande wa Windows.

Kisha madaraja yakaanza kubomoka. Oktoba 2019 mfumo wa Catalina ulikataa programu za Mac za biti 32. Novemba 2020 zikaja Mac za M1, ambazo hazina Boot Camp kabisa. Februari 2023 Microsoft iliidhinisha Windows 11 ya prosesa za ARM kutumika kwenye Mac hizo kupitia Parallels, na ndani yake programu za Intel hutafsiriwa tena. Tafsiri ileile ya enzi za PowerPC, ila sasa ina kasi!

Je, nini kilinusurika? Faili za maandishi. Faili ya raundi ya mwaka 2006 inafunguka leo kwenye kompyuta yoyote. Hata PostgreSQL, hifadhidata iliyotumiwa na PokerTracker 3 na Hold'em Manager, ni programu huria inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. PokerTracker 4 ilipokuja na toleo la Mac, aliyetunza faili zake aliweza kuzisoma upya bila daraja lolote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujalipia programu ya hesabu za duka au za chama chenu, usiulize tu kama inawaka kwenye kompyuta yako. Uliza kumbukumbu zako zinakaa wapi, na kama unaweza kuzitoa na kuondoka nazo. Kompyuta utabadilisha tu. Daftari likifungwa kwa kufuli la mwingine, mali itapotea bila habari.