Neno la Bibi

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Masasi akaolewa huku Ziwani, pwani ya Mtwara. Katika kijiji chetu wengi ni Waislamu, na nyumbani kwa babu bibi alikuwa Mkristo peke yake. Sikumsikia hata siku moja akibishana na mtu juu ya dini. Lakini kila jioni, kabla ya kugusa chakula, alisema neno moja: "Tumekombolewa." Utotoni nilidhani ni neno la sala tu, kama "amina".

Mwaka 1975, nikiwa kijana wa sekondari, nilimwuliza kabila la bibi yake. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hilo usiniulize mbele za watu. Bibi yangu aliletwa Masasi na Askofu Steere. Kwao hakukujua."

Ndipo nilipoanza kutafuta habari. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hata hivyo majahazi ya magendo yaliendelea kukamatwa baharini na manowari za Waingereza, na waliookolewa walikabidhiwa misheni ya UMCA huko Unguja. Wengi walitekwa bara wakiwa wadogo. Mwaka 1876 Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 kati yao, wakashukia Lindi na kushika njia ya bara. Nia yake ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye miamba mikubwa na ardhi nzuri, wakaomba wakae papo hapo.

Msomaji, ifikirie safari hiyo. Ile ndiyo nchi ambayo misafara ya watumwa iliikata kuteremka pwani. Sasa mtu yule yule anaambiwa ageuke, aipande tena, kwa neno la mgeni anayesema, "Wewe ni huru." Atajuaje kwamba mbele hauzwi tena? Hakuna aliyeweza kumthibitishia. Aliamini, akajitwika mzigo wake, akaenda. Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani, lakini sijapata mfano unaonifaa kuliko huo. Uhuru hawakuununua wao, walipewa. Hata hivyo kila mmoja alipaswa kuinuka na kutembea kwa miguu yake.

Na neno lenyewe, kukomboa, watu wa pwani tunalijua vizuri. Mtu akiweka rehani minazi yake kwa deni, siku atakayolipa husema ameikomboa. Mnazi haujikomboi wenyewe, sharti alipe mwenye kuutaka. Huo ndio ujumbe wa Wakristo kwa ufupi: kwamba mwanadamu alikuwa amefungwa na dhambi, asiweze kujitoa, na Kristo akalipa kwa msalaba wake. Mtume Paulo aliwaandikia hivyo Wakorintho, ambao kati yao walikuwamo watumwa. Kwa watu wa Masasi halikuwa fumbo. Walikuwa wamewahi kutiwa bei.

Lakini historia haikuishia kwenye furaha. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana wakati huo kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Bibi aliambiwa kwamba bibi yake, wakati huo msichana, alijificha miambani. Mwenzake waliyetoka naye Unguja hakuonekana tena.

Nilimwuliza kwa ukali wa ujana, "Basi ukombozi wa yule uko wapi?"

Akajibu, "Waliomchukua walichukua mwili. Bei ilikwisha kulipwa, haikurudishwa."

Siku ile sikuridhika, na sitasema kwamba nimeridhika kabisa leo. Yule msichana alilia, na jibu zuri halifuti kilio chake. Ila naona bibi hakusema hivyo ili kuyakwepa machungu. Alirithi machungu hayo pamoja na neno hilo, akavibeba vyote viwili.

Wako waliolibeba mbali zaidi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni na kukombolewa Unguja, alifanya kazi Chitangali tangu mwaka 1886 hadi 1897, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Aliyeuzwa alirudi kwa watu wake akiwaletea habari njema.

Bibi amekwisha kufa, naye aliona haya asili yake mpaka mwisho. Mimi nimeamua kutoiona. Siku hizi wajukuu wangu wakiniuliza sisi ni kina nani, nawatajia Wamakonde wa upande wa babu, kisha nawaambia mbele za watu: upande wa bibi, ninyi ni wa waliokombolewa.