Mzazi anapozeeka Marekani: Je, nyumba ya wazee inamfaa?

Kwa familia nyingi za Kiafrika zinazoishi Marekani, kumpeleka mama au baba kwenye nyumba ya wazee husikika kama kumtupa. Hofu hiyo tunaielewa, ila haisaidii kuamua. Kinachosaidia ni kujua mzee anashindwa nini, na saa ngapi.

Nyumba tunazozungumzia hapa si zile za uuguzi. Mzee anakuwa na chumba chake, anapikiwa, na anasaidiwa kuoga, kuvaa au kumeza dawa kwa wakati. Anayehitaji muuguzi usiku na mchana, hapo si mahali pake.

Tangu miaka ya 1960 wahudumu wa afya hutumia orodha ya mambo sita aliyoiandaa daktari Sidney Katz: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwangalie mzee wiki nzima huku ukiandika. Anayeshindwa kuoga tu anaweza kubaki nyumbani, akaja msaidizi kwa saa chache. Anayeamka usiku wa manane akafungua mlango na kutoka ni habari nyingine, hasa ikiwa watu wazima wote wa nyumba hiyo hufanya kazi za zamu.

Gharama huwashtua wengi. Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, hailipii chumba wala chakula katika nyumba hizi. Medicaid, ya wenye kipato kidogo, hulipia huduma katika majimbo mengi, lakini si kodi. Na mzazi aliyeletwa na wanawe kwa kadi ya ukaazi wa kudumu kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahiki.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya nyumba hizi havilitaji: lugha. Mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani akishikwa na maradhi ya kusahau, mara nyingi Kiingereza ndicho kinachoanza kumponyoka, akabaki na lugha ya utotoni. Atasemaje kwamba tumbo linamuuma? Uliza nani wa zamu ya usiku anajua Kiswahili. Wakenya wengi hufanya kazi hizi, kwa hiyo jibu huenda likakufurahisha. Uliza pia kuhusu ugali, nyama halali na nafasi ya kusali.

Nenda wakati wa chakula cha jioni, si saa ya kutembezwa wageni. Katika mkataba, tafuta kifungu kinachosema ni lini wanaweza kumtaka mzee ahame, na bei hupanda vipi huduma zikiongezeka. Sheria za nyumba hizi hutofautiana kwa majimbo, na kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakaazi inayopokea malalamiko bila malipo. Wapigie kabla ya kusaini.

Mzee mwenyewe aulizwe mapema, akili yake ikiwa bado timamu, na aandike nani atamsainia. Akishaanguka na kulazwa, hospitali itataka jibu haraka, na mara nyingi anayejibu ni mtoto aliye karibu na simu.