Maneno Huingiaje Katika Lugha? Mifano Kutoka Jinja na Mbale

Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara: nani huunda maneno? Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha msamiati mwingi, lakini historia ya mashariki mwa Uganda inaonyesha kuwa reli, soko na mpaka navyo vimetoa mchango mkubwa.

Tuanze na reli. Ile ya kutoka pwani ilifika Jinja mwaka 1928, na tawi la Tororo hadi Soroti, linalopitia Mbale, likafunguliwa mwaka 1929. Waswahili husema gari la moshi. Waganda husema eggaali y'omukka. Hapa "gari", lenye asili ya Kihindi, limetoholewa, na "moshi" limetafsiriwa. Njia mbili za uundaji wa maneno zimekutana katika jina moja.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Maduka yao, yakiwemo ya Jinja na Mbale, yaligawiwa watu wengine, na waliotajirika ghafla wakaitwa mafuta mingi. Kisarufi tungetarajia "mafuta mengi". Hata hivyo, jina hilo lilishika kwa sababu lilibeba kicheko na uchungu wa wakati huo.

Tatu ni boda boda. Neno la Kiingereza la mpaka lilitoholewa, likarudiwa kwa uradidi, likawa jina la baiskeli zilizovusha abiria na mizigo mpakani Busia. Baadaye lilihamia kwenye pikipiki, na leo linatumika Kenya na Tanzania pia.

Je, mwalimu afanye nini? Tuchukue mwalo wa Masese, Jinja, ambako samaki wadogo wa ziwani huitwa mukene. Kenya ni omena, Tanzania ni dagaa. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, swali hili limekuwa zito zaidi. Mtoto wa mvuvi akiandika mukene na kukuta alama ya kosa tu, atajifunza kwamba Kiswahili si chake.

Kwa maoni yetu, tumfundishe dagaa kwa ajili ya mtihani na mawasiliano mapana, na mukene tuliandike ubaoni kando yake. Vivyo hivyo, "mafuta mingi" likubaliwe kama jina la kihistoria, lakini jikoni tuendelee kusema mafuta mengi. Usanifu hauhitaji kufuta historia ya wasemaji.