"Lady": Neno Lililoanzia Kwenye Unga

Neno la Kiingereza "lady" lina maana nyingi: mwanamke wa heshima, mke wa mwenye cheo, hata kibao cha choo cha wanawake. Wakristo humwita hivyo Bibi Maryam. Asili yake, zaidi ya miaka 1,000 nyuma, ni "hlæfdige", yaani mwenye kukanda mkate. Na "lord", bwana wa nyumba, alikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. Karne zikapita, cheo kikabaki, unga ukasahaulika.

Basi dada, unapokanda chapati za futari, usijidharau ukasema "mimi wa jikoni tu". Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.