Kalamu ya Nani? Vibonzo vya Maaskari katika Vita vya Afrika Mashariki, 1914–1918

Wanahistoria wa Vita Kuu ya Kwanza huithamini michoro ya mzaha ya maaskari, na si bure: kapteni Mwingereza Bruce Bairnsfather aliyachora maisha ya mahandaki ya Ulaya kwa ukweli ambao taarifa za makao makuu hazikuthubutu. Kwa upande wetu kipo kitabu cha luteni A. W. Lloyd wa Royal Fusiliers, "Jambo", or With Jannie in the Jungle. Jannie ni Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki tangu Februari 1916 hadi Januari 1917. Anwani hiyo inastahili kupimwa: salamu ni ya Kiswahili, mzaha ni wa maofisa. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, hawakupewa kalamu wala mchapishaji; alama yao tunaisoma katika majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Basi kibonzo humshuhudia kwanza aliyekichora, ndipo kivishuhudie vita. Atakayetafuta michoro ya vita vya 1983–2005 katika nyumba za Hai Mauna, Juba, aandike cheo cha mchoraji, kisha awaulize wapishi na wachukuzi wao walikuwa wakicheka nini.